Filamu tatu na katuni moja za Enzi za Kati zilizotoka kwenye gemu, kwa jicho la fundi cherehani

Miaka michache iliyopita nilishona mavazi 14 ya wapagazi wa misafara kwa ajili ya filamu iliyokuwa inashutiwa Bagamoyo. Nilinunua jora la marekani, kile kitambaa kisichopaushwa, nikakichemsha kwenye sufuria la majani ya chai na konzi ya chumvi, nikakianika kivulini siku mbili. Baada ya kushona nikakaa kibarazani na kipande cha msasa nikikwangua viwiko, mabega na pindo, na pindo zenyewe nikazipitisha kwenye udongo mwekundu. Mtu aliyebeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, miezi mitatu njiani, nguo yake lazima iseme hivyo kabla yeye hajafungua mdomo. Siku ya kushuti nilifika lokesheni nikakuta kijana mmoja wa prodakisheni amezifua zote usiku na kuzipiga pasi. Mikono ilikuwa na mistari iliyonyooka kama ya suruali ya shule. Mwongozaji akasema jua linapanda, hakuna muda, washuti hivyo hivyo. Filamu ilipotoka niliiona mistari ile ya pasi kwenye kila picha, na nililia.

Tangu siku hiyo siwezi kutazama filamu ya zamani za kale bila kuanza na kitambaa. Mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 19 anayeishi kwangu, ni mpenzi wa gemu, na ndiye aliyeniletea hizi nne baada ya kunisikia nikilalamika. Alisema, "Shangazi, hawa wamepewa hela za kutosha, tuone kama wamezitumia." Tumezitazama kwa wiki mbili, usiku nikishafunga cherehani. Zote zimetoka kwenye michezo ya video, na zote zinatupeleka Enzi za Kati za Ulaya au kwenye nchi za kubuni zinazovaa kama Ulaya ile: ngome, panga, deraya, farasi, moto.

Tulianza na In the Name of the King: A Dungeon Siege Tale ya 2007, iliyoongozwa na Mjerumani Uwe Boll kutokana na gemu ya Dungeon Siege ya 2002. Bajeti yake ilikuwa dola milioni 60. Kwa shilingi zetu hizo zinakaribia bilioni 150. Kwenye majumba ya sinema ilirudisha kama dola milioni 13 tu dunia nzima. Jason Statham ni mkulima, na jina lake ni hilo hilo, Farmer. Mtoto wake anauawa na viumbe waitwao Krug, mkewe anatekwa, naye anaondoka na shemeji yake na jirani yao kwenda kumtafuta. Mchawi ni Ray Liotta, mfalme ni Burt Reynolds, na humo humo yumo Ron Perlman, yumo John Rhys-Davies, yumo Leelee Sobieski. Majina hayo peke yake ni gharama.

Misitu haina kosa. Walishuti British Columbia, Kanada, na miti ile mirefu yenye kuvu, yenye ukungu wa kweli kwenye vilele, inatoa hisia ya nchi ya kale bila mtu kuigusa. Mapigano pia yamepangwa na mtu anayejua, Ching Siu-tung wa Hong Kong, na kuna sehemu za vita vya msituni ambapo mwili wa mtu unaonekana unapigwa na unaanguka kwa uzito wake. Mpwa wangu alikaa wima pale.

Lakini nguo! Farmer ametoka shambani, amezika mtoto, amelala porini, amevuka bonde kwa kamba, na shati lake bado lina adabu. Wanakijiji waliochomewa nyumba wamevaa vitambaa vya rangi moja, vya umri mmoja, kana kwamba kijiji kizima kilienda dukani asubuhi moja. Kijijini hakuna kitu kama hicho. Kijijini baba ana shati la mwaka huu, mtoto anavaa lililokuwa la kaka yake, bibi ana nguo yenye viraka vya nguo tatu. Fundi akipewa muda na hela ya kitambaa chakavu, hilo ndilo jambo la kwanza analofanya: anachanganya umri wa nguo. Krug nao ni watu waliovishwa mpira mzito na vinyago, na kwenye vita vya mchana, jua likiwapiga, unaona mpira. Wangewaweka usiku au kwenye mvua tangu mwanzo hadi mwisho, wasingehitaji hata senti ya ziada. Na koti refu la mchawi ni koti la mtu wa mjini wa leo. Kila Liotta alipoingia nilitoka kwenye ufalme ule nikarudi sebuleni kwangu.

Hela hii ilitoka wapi, na kwa nini ilitolewa kwa filamu inayoonekana hivi? Ujerumani wakati ule ilikuwa na utaratibu wa kodi uliowaruhusu wawekezaji kuweka fedha kwenye mifuko ya filamu na kupunguziwa kodi kwa kiasi walichoweka. Mwekezaji alipata nafuu yake hata kama filamu haikuuza. Boll alizitumia fedha za namna hiyo kwa filamu zake kadhaa za gemu, hii ikiwemo, na iliposhutiwa mwaka 2005 ndio mwaka ambao mlango huo ulifungwa. Mimi ninapoitazama naona kabisa matokeo yake. Aliyetoa hela hakuwa na sababu kubwa ya kuuliza nguo zikoje. Filamu ina mastaa, ina helikopta inayozunguka milima, ina farasi wengi, ina vitu vyote vinavyoandikika kwenye karatasi ya mkutano. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na msasa.

Zikafuata mbili nyingine kwa jina hilo hilo, 2011 ikiwa na Dolph Lundgren na 2014 ikiwa na Dominic Purcell. Zote mbili zinamchukua mtu wa leo na kumtupa zama za kale. Mpwa wangu alitaka tuzitazame. Nilitazama dakika 20 za ile ya pili nikazima. Shujaa akija na mwili na mazungumzo ya leo, nguo ya kale inabaki kuwa pambo.

Warcraft ya 2016 ni habari tofauti, ingawa nitaipitia haraka kwa sababu nusu yake si kazi ya watu wa fani yangu. Bajeti dola milioni 160, mwongozaji Duncan Jones. Iliingiza kama dola milioni 439 duniani, na zaidi ya milioni 200 kati ya hizo zilitoka China. Marekani ilipata milioni 47 tu. Maorki, yale majitu ya kubuni yenye meno yaliyochomoza, wametengenezwa kwa kompyuta juu ya uigizaji wa watu halisi, na hapo nanyanyua mikono. Mapema kabisa tunawaona orki Durotan na mkewe mjamzito hemani, wanaongea taratibu. Ukitazama mkono wake mkubwa ukiwa karibu na tumbo la mkewe, unaona ngozi ya kiganja ina mikunjo, kucha zina nyufa, nywele zimesukwa na pete zake zina mikwaruzo. Kila kitu alichovaa orki kimewahi kutumika. Aliyechora pete ile alifikiria ni miaka mingapi imekaa kwenye nywele.

Kisha wanakuja binadamu. Mavazi ni ya Mayes C. Rubeo, deraya na silaha nyingi zilitengenezwa kwa mikono na Weta Workshop ya New Zealand, na kama kazi ya fundi ni nzuri mno: kingo safi, nakshi za simba, ngao nzito. Ila zinang'aa. Jeshi zima linang'aa, likienda vitani na likirudi. Najua kwenye gemu yenyewe deraya ni kubwa na za kung'aa, mpwa wangu alinionesha, na wapenzi wa gemu walitaka kuziona vile. Tatizo ni kumweka mtu wa deraya mpya karibu na orki aliyejaa makovu. Wa kompyuta anaonekana ndiye aliyezaliwa na mama, na binadamu anaonekana kavishwa jana. Anayeumia zaidi ni Paula Patton, aliyeigiza Garona, mwanamke nusu orki. Yeye ni mtu halisi, kapakwa rangi ya kijani na kuwekewa meno, anasimama katikati ya maorki ambao ngozi zao zina vinyweleo na jasho. Anaigiza vizuri, lakini rangi ile inakaa juu ya ngozi yake kama poda ya bibi harusi. Dola milioni 160 hazikuweza kuziba pengo hilo, kwa sababu pengo lilikuwa kati ya idara mbili zilizofanya kazi nzuri kila moja peke yake.

Sasa Assassin's Creed, pia ya 2016. Hii ndiyo iliyoniuma, kwa sababu ndani yake mna kazi bora kuliko zote nne.

Bajeti dola milioni 125, mwongozaji Justin Kurzel, Michael Fassbender akiigiza watu wawili: Callum Lynch wa siku hizi na babu yake wa kale, Aguilar de Nerha. Mwaka ni 1492, Hispania, wakati Granada, ufalme wa mwisho wa Waislamu kule, inaanguka mikononi mwa mfalme Ferdinand na malkia Isabella, na Torquemada, mkuu wa mahakama ya kanisa, anachoma watu. Enzi za Kati zinakata roho. Mpwa wangu alilalamika kwamba gemu ya kwanza ya 2007 ilikuwa Nchi Takatifu mwaka 1191, Yerusalemu, Akka na Dameski, akataka kujua kwa nini wameiacha. Mimi sikulalamika, maana Hispania ile wameivisha.

Mbunifu wa mavazi ni Sammy Sheldon Differ. Ninyi mnaoshona, simamisheni picha kwenye Aguilar na mwenzake Maria wanapofikishwa uwanjani kuchomwa. Nguo zao zina tabaka juu ya tabaka: kitambaa kizito chini, ngozi juu, mikanda inayopishana, kofia ya vazi inayoshuka usoni kwa uzito wake wenyewe. Rangi hazifanani kabisa. Pana kahawia iliyopigwa na jua na kahawia iliyokaa chini ya mkanda isiyopigwa na jua, kwenye vazi moja. Vumbi limekaa kwenye mikunjo, halikukaa sehemu zilizochomoza, na hivyo ndivyo vumbi linavyokaa kwenye nguo ya mtu anayetembea. Nilishika rimoti nikarudisha nyuma mara tatu. Mpwa wangu akasema, "Shangazi, wanakimbia wewe unatazama mikanda." Nikamwambia anyamaze.

Na wanakimbia kweli. Mbio zile za juu ya mapaa zilishutiwa Valletta, Malta, kwenye mawe halisi na jua halisi. Mwenye kujua historia atasema Valletta ilianza kujengwa 1566, kwa hiyo ni changa kuliko hadithi kwa zaidi ya miaka 70, na atakuwa sahihi. Kwangu jiwe lile la manjano linamwambia mtazamaji ukweli mwingine: kiatu kinateleza, ukuta unakwaruza kiwiko, vumbi linanyanyuka pale mguu ulipogusa. Wakafanya jambo jingine ambalo wenye hela nyingi hulikwepa. Kwenye gemu kuna mruko maarufu wa kujitupa kutoka juu kabisa. Badala ya kumchora mtu kwa kompyuta, walimpandisha mruka-hatari Damien Walters futi 125 juu, kama mita 38, akajiachia bila kamba, akaangukia mfuko wa hewa. Vazi linavyopigwa na upepo pale ni upepo wenyewe. Na watu wa 1492 wanazungumza Kihispania mwanzo hadi mwisho wa sehemu zao. Nami ninayeona kila siku filamu zikifuta lugha za watu, hilo lilinigusa.

Kwa nini basi imeniuma? Kwa sababu sehemu kubwa ya filamu haipo Hispania. Ipo kwenye jengo la kampuni ya leo, kuta za kijivu, makoti meupe, watu wanaeleza mashine inayomrudisha Callum kwenye kumbukumbu za Aguilar. Kila tunapozama 1492, tunavutwa kurudi maabara kumwona Callum akining'inia kwenye mkono wa chuma akirusha ngumi hewani. Katikati ya pigano moja tunakatwa mara nyingi hivi kwamba sijui nani alimpiga nani. Kisha juu ya kazi yote ile ya nguo wamemwaga moshi na vumbi hadi uwanja mzima unakuwa rangi ya ugali wa mtama, na kamera haitulii hata sekunde tatu. Nawafikiria mafundi waliokaa wiki nyingi wakikwangua ngozi ile kwa mikono. Mtu akikuletea kitenge cha wax halisi ukakitia bitana ndani, umekiharibu. Filamu iliingiza kama dola milioni 240, na hakuna ya pili iliyofuata. Ningependa mno kuiona Granada kwa saa mbili zilizotulia.

Ya mwisho ni katuni, na nilikuwa naidharau kabla ya kuitazama. Castlevania ilianza Netflix Julai 2017 ikiwa na vipande vinne tu. Baadaye ikafika misimu minne na vipande 32. Imetokana na gemu za Konami, hasa ile ya tatu ya 1989, na imechorwa na Powerhouse Animation, studio ya Austin, Texas. Hadithi iko Wallachia, nchi iliyo ndani ya Rumania ya leo. Mwaka 1455 mwanamke aitwaye Lisa anagonga mlango wa ngome ya Dracula akitaka kufundishwa utabibu. Mwaka 1475 kanisa linamchoma moto kama mchawi, na Dracula, ambaye sasa ni mumewe, anawapa watu wa nchi ile mwaka mmoja kabla ya kuwaangamiza.

Hela ilikuwa ya kuhesabu na hawaifichi. Watu wakizungumza, picha inasimama, midomo tu ndiyo inacheza, wakati mwingine hata kope hazipepesi. Vita vya nchi nzima havioneshwi. Tunapelekwa mji mmoja, Gresit, baada ya usiku wa mashambulizi ya viumbe wa Dracula: matumbo yananing'inia kwenye paa, wauza bidhaa wanafungua meza zao kama kawaida, mtu anafagia. Hapo nikajua nipo mikononi mwa watu wanaojua kubana. Kile ambacho wangeweza kukichora vibaya kwa michoro elfu kumi wamekiacha, wakachora asubuhi yake. Kisha Trevor Belmont, shujaa wa ukoo wa wawindaji wa mazimwi, anapochomoa mjeledi, hapo ndipo wamemwaga hazina. Mjeledi unajikunja, unasikika kabla haujafika, jicho la mtu linapasuka. Kila mchoro waliouokoa kwenye mazungumzo wameulipa pale.

Na nguo, hata kwenye katuni! Trevor tunamkuta kilabuni amelewa, kajifunika joho lenye manyoya kolani, zito, lililochoka. Ukoo wake umefukuzwa na kanisa, na shati lake lina nembo ya ukoo kifuani. Joho linafunguka kidogo, mlevi mmoja anaiona nembo, kipigo kinaanza. Vazi limefanya kazi ya kurasa tatu za skripti. Wale Wasemaji, watu wa kuhamahama wanaotunza historia vichwani mwao, wamevaa kanzu za buluu zisizo na pambo lolote. Ukiwaona kwa mbali kwenye mji wa kijivu unawajua ni nani na kwamba hawana mtetezi. Rangi moja ni rahisi kuchora, sawa, lakini wameipa maana. Kwenye filamu ya Boll rangi moja ilikuwa uvivu.

Tulimaliza vipande vyote vinne vya msimu wa kwanza usiku mmoja hadi bando likakata kwenye dakika za mwisho, mpwa wangu akatoka saa sita kutafuta vocha. Sikumbuki mara ya mwisho nilimruhusu kutoka saa hizo.

Kwa anayetaka kuzitazama: anza na Castlevania, msimu wa kwanza, watoto wakishalala kabisa maana damu ni nyingi na matusi pia. Warcraft itazame kwa ajili ya maorki, na uwe na subira binadamu wakiingia. Ya Boll muwekee anayejifunza kushona mavazi ya filamu, umsimamishie picha kwenye kijiji kilichochomwa, umuulize kila nguo ina umri gani. Assassin's Creed ukishaiona yote mara moja, rudia sehemu za Hispania peke yake, kuanzia uwanja wa kuchomea hadi mruko. Mimi nimezirudia mara tano. Mara ya mwisho nilikuwa na gazeti la zamani, mkasi na futi kamba mapajani, nakata kiolezo cha lile tabaka la begani la Maria, na nadhani limekaa vipande saba, vitano vya ngozi na viwili vya kitambaa, ila kile cha chini ya mkanda bado sijakielewa kinashikwa na nini.